Bafa za meseji kwenye MPI: jinsi ya kuzipanga ili programu isigande ukiongeza data

Una programu ya MPI (utaratibu wa prosesi nyingi kutumiana meseji), ukiiendesha na gridi ya 400 kwa 400 inamaliza vizuri kabisa, ukipandisha hadi 1000 kwa 1000 inaganda. Haitoi kosa lolote, haifi, ukiangalia kwa amri ya top unaona prosesi zote ziko asilimia 100, unasubiri nusu saa hakuna kitu. Mi hii ilinipotezea karibu wiki nzima nilipoanza, nikawa naitafuta kwenye hesabu, nabadilisha fomula, nabadilisha kompaila, kumbe hesabu haina shida hata kidogo, shida ni kwamba nilikuwa naegemea bafa, yaani sehemu ya memori ya kuhifadhia meseji, ambayo hakuna aliyeniahidi kuwa ipo. Kwa hiyo naandika hapa hatua kwa hatua, kwa mtu anayejua C kidogo na ameshawahi kuandika MPI_Send na MPI_Recv japo mara moja.

Mfano wetu wote ni mmoja: joto linavyosambaa kwenye bati. Bati ni gridi ya namba za double, tumelikata vipande kwa mistari, kila prosesi ina mistari n ya kwake yenye namba M kila mmoja, pamoja na mstari mmoja wa ziada juu na mmoja chini wa kuhifadhi data ya jirani. Kila raundi inabidi ubadilishane mistari ya mpakani na majirani, na hapo ndipo bafa zinapoanza kusumbua.

Hatua ya 1: andaa mashine

Huhitaji klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa. Laptopu ya kori 4 inatosha kabisa kuonyesha matatizo yote nitakayoyataja. Kwenye Ubuntu:

```
sudo apt install openmpi-bin libopenmpi-dev
mpicc -O2 -g joto.c -o joto -lm
mpirun -np 4 ./joto
```

Ukitaka prosesi nyingi kuliko kori ulizonazo ongeza --oversubscribe. Hiyo -g usiiache, utaihitaji mwishoni.

Hatua ya 2: elewa MPI_Send inaahidi nini

Hapa usiharakishe, maana ukipaelewa hapa nusu ya kazi imeisha.

Watu wengi wanadhani MPI_Send ikirudi basi meseji imefika. Hapana. Ikirudi maana yake ni moja tu, kwamba bafa yako, yaani ile arei uliyompa, ni yako tena na unaweza kuiandika upya. Meseji yenyewe inaweza kuwa imefika, inaweza kuwa njiani, inaweza kuwa imekaa tu kwenye memori ya upande wa pili na mpokeaji hata hajaiulizia. Sheria ya MPI tangu toleo la kwanza la 1994 iko hivyo, imeacha waliotengeneza maktaba waamue wenyewe kama watakopi data yako pembeni au watakusubirisha.

Fikiria unatuma mzigo kwa basi kwenda mkoani. Bahasha ndogo unaiacha ofisini pale stendi, unalipa, unaondoka, aliyetumiwa ataifuata akipata nafasi. Lakini ukija na friji huwezi kuiacha tu, ofisi haina pa kuiweka, watakwambia mpigie kwanza mwenzio aje kuipokea ndio tuipakie. Maktaba za MPI zinafanya hivyo hivyo. Meseji ndogo inasukumwa moja kwa moja na MPI_Send inarudi chap. Meseji kubwa inatanguliza taarifa fupi, inangoja upande wa pili useme niko tayari na bafa yangu ni hii hapa, ndipo data inaanza kwenda, na muda wote huo we umesimama ndani ya MPI_Send.

Mpaka kati ya ndogo na kubwa haumo kwenye sheria, ni namba ya maktaba. Kwenye Open MPI matoleo mengi yanaweka baiti 4096 kwa prosesi zilizo kwenye mashine moja na 65536 kwa zinazoongea kupitia TCP, na yako unaweza kuiona mwenyewe:

```
ompi_info --param btl all --level 9 | grep eager_limit
```

Sasa piga hesabu. Mstari wa namba 400 za double ni baiti 3200, unapita kama bahasha. Mstari wa namba 1000 ni baiti 8000, tayari ni friji. Ndio maana programu ileile inafanya kazi kwa 400 na inaganda kwa 1000. Na ndio maana pia inaweza kupita vizuri kwenye laptopu yako alafu ikaganda kwenye klasta, au kinyume chake.

Tafadhali usitatue hili kwa kupandisha eager_limit, yaani huo mpaka. Inawezekana, na utaona programu imeanza kutembea, ila umehamisha tu siku ya kuganda, na memori utakayoila nitaieleza hatua ya 7.

Hatua ya 3: pima programu yako kabla haijakuumbua

Hii ndio programu mbovu yenyewe:

```
MPI_Send(T[1],   M, MPI_DOUBLE, juu,   1, MPI_COMM_WORLD);
MPI_Send(T[n],   M, MPI_DOUBLE, chini, 2, MPI_COMM_WORLD);
MPI_Recv(T[n+1], M, MPI_DOUBLE, chini, 1, MPI_COMM_WORLD,
         MPI_STATUS_IGNORE);
MPI_Recv(T[0],   M, MPI_DOUBLE, juu,   2, MPI_COMM_WORLD,
         MPI_STATUS_IGNORE);
```

Wa juu kabisa na wa chini kabisa wasio na jirani upande mmoja wape MPI_PROC_NULL kama ranki (namba ya prosesi) ya jirani, kutuma au kupokea kwake kunarudi hapohapo bila kufanya kitu, inakuepusha na if kibao.

Kila mtu anatuma kwanza, kila mtu anasubiri mwenzie apokee, hakuna anayepokea. Kuigundua mapema kuna njia rahisi mno. Chini ya #include <mpi.h> weka mstari huu:

```
#define MPI_Send MPI_Ssend
```

MPI_Ssend hairudi mpaka mpokeaji awe ameanza kupokea, hata meseji iwe ya baiti moja, yaani inaondoa ule upendeleo wa bahasha. Kompaili, endesha na gridi ndogo kabisa. Ikiganda, programu yako haikuwa salama tangu mwanzo, ilikuwa inabebwa. Mi siku hizi naandika kila programu ya MPI nikiwa na huo mstari, nautoa mwisho kabisa nikishamaliza.

Kuna aina nyingine ambayo haigandi ila inakuibia muda. Ukituma juu alafu ukapokea kutoka chini, kwa sababu wa juu kabisa hana wa kumtumia anaenda moja kwa moja kupokea, anamwachia wa pili, wa pili anamwachia wa tatu, inashuka hivyo ngazi kwa ngazi mpaka wa mwisho. Matokeo yanakuwa sahihi kabisa kwa hiyo hakuna anayeshtuka, ila prosesi 64 zinapanga foleni kama watu kwenye dirisha moja la benki.

Hatua ya 4: rekebisha

Njia fupi ni MPI_Sendrecv, unampa unachotuma na unachopokea kwa pamoja na yeye anahakikisha havigandishani:

```
MPI_Sendrecv(T[1],   M, MPI_DOUBLE, juu,   1,
             T[n+1], M, MPI_DOUBLE, chini, 1,
             MPI_COMM_WORLD, MPI_STATUS_IGNORE);
MPI_Sendrecv(T[n],   M, MPI_DOUBLE, chini, 2,
             T[0],   M, MPI_DOUBLE, juu,   2,
             MPI_COMM_WORLD, MPI_STATUS_IGNORE);
```

Kama ndo unaanza ishia hapa, inatosha. Ila ukitaka prosesa ifanye hesabu wakati data iko njiani tumia zile zenye herufi I, zinarudi hapohapo alafu unasubiri baadaye kwa Wait:

```
MPI_Request ombi[4];
MPI_Irecv(T[0],   M, MPI_DOUBLE, juu,   2, MPI_COMM_WORLD, &ombi[0]);
MPI_Irecv(T[n+1], M, MPI_DOUBLE, chini, 1, MPI_COMM_WORLD, &ombi[1]);
MPI_Isend(T[1],   M, MPI_DOUBLE, juu,   1, MPI_COMM_WORLD, &ombi[2]);
MPI_Isend(T[n],   M, MPI_DOUBLE, chini, 2, MPI_COMM_WORLD, &ombi[3]);

hesabu_ndani(T, Tmpya); /* mistari ya 2 hadi n-1 */

MPI_Waitall(4, ombi, MPI_STATUSES_IGNORE);
hesabu_kingo(T, Tmpya); /* mstari wa 1 na wa n */
```

Ona nimeanza na Irecv kabla ya Isend. Meseji ikifika ikakuta bafa ya kupokea iko wazi inaingia palepale, haikopiwi mara mbili. Ikifika haijasubiriwa, maktaba inabidi iitafutie sehemu ya kuihifadhi kwanza alafu baadaye ikopi tena kukuletea. Kwa hiyo fungua mlango kabla mgeni hajapiga hodi.

Hatua ya 5: jua kila bafa ni ya nani kwa wakati gani

Kuanzia unapoita Isend au Irecv mpaka Wait irudi, ile bafa sio yako. Umeikopesha. Hili ndilo kosa linaloleta majibu yasiyoeleweka, leo sahihi, kesho sio sahihi, ukiweka printf linapotea, maana printf imekupunguzia kasi kidogo na meseji ikawahi kutoka.

Bafa ya kutuma unaruhusiwa kuisoma, kuiandika hapana. Kuisoma kumeruhusiwa rasmi tangu MPI-2.2 ya mwaka 2009, na ndio maana hapo juu hesabu_ndani inasoma T[1] na T[n] bila wasiwasi. Bafa ya kupokea usiisome wala usiiandike, iache kabisa.

Makosa ninayoyaona sana kwa vijana wanaoniletea programu zao ni haya. La kwanza, arei iko ndani ya fankisheni, mtu anaita Isend alafu fankisheni inarudi, ile arei imeshakufa na memori yake imechukuliwa na kitu kingine, meseji inaondoka na takataka. Kama Wait haiko ndani ya fankisheni hiyohiyo tumia malloc au mpe bafa kutoka nje. La pili ni la wanaotumia C++, unatuma kutoka kwenye std::vector alafu kabla ya Wait unafanya push_back, vector inajaa inahamia sehemu nyingine ya memori, MPI bado inasoma pale pa zamani. La tatu, lupu inayoita Isend mara kumi huku ikitumia MPI_Request ileile moja, unabaki na ombi la mwisho tu, yale tisa huna tena namna ya kuyasubiri na huwezi kujua bafa zake zimeachiwa lini. Tengeneza arei ya maombi, moja kwa kila meseji.

Kama unataka kuanza kuandaa data ya raundi inayofuata kabla ya hii haijaisha kutoka, tumia bafa mbili za kupokezana. Raundi ya 0 unatuma kutoka bafa[0], raundi ya 1 kutoka bafa[1], na kabla ya kuirudia bafa[0] raundi ya 2 unafanya MPI_Wait ya ombi lake. Kawaida inakuta limeshaisha zamani kwa hiyo haikugharimu kitu.

Na kama kila raundi unatuma kwa mtu yuleyule kutoka bafa ileile saizi ileile, angalia MPI_Send_init na MPI_Recv_init, unaandaa mara moja nje ya lupu, ndani unaita MPI_Startall na MPI_Waitall tu.

Hatua ya 6: saizi na umbo la bafa

Bafa ya kupokea inaweza kuwa kubwa kuliko meseji, haina neno. Ikiwa ndogo utapata MPI_ERR_TRUNCATE na programu inakufa. Kama hujui meseji itakuja na ukubwa gani usikadirie, uliza kwanza:

```
MPI_Status hali;
int idadi;
MPI_Probe(MPI_ANY_SOURCE, 7, MPI_COMM_WORLD, &hali);
MPI_Get_count(&hali, MPI_DOUBLE, &idadi);
double *bafa = malloc(idadi * sizeof(double));
MPI_Recv(bafa, idadi, MPI_DOUBLE, hali.MPI_SOURCE, 7,
         MPI_COMM_WORLD, MPI_STATUS_IGNORE);
```

Hapo kwenye Recv lazima utumie hali.MPI_SOURCE, ukirudia MPI_ANY_SOURCE unaweza kupokea meseji ya mtu mwingine mwenye mzigo mkubwa kuliko uliopima. Na kama programu ina thredi nyingi zinazopokea, thredi nyingine inaweza kuichukua meseji uliyoipima kabla yako, hapo tumia MPI_Mprobe na MPI_Mrecv zilizokuja na MPI-3 mwaka 2012, zinakushikia meseji uliyoiona mpaka uichukue.

Sasa umbo. Kama umetengeneza gridi kwa double ** huku kila mstari una malloc yake, mistari haijapangana kwenye memori. Ukituma mstari mmoja mmoja utasalimika, ila ukijaribu kutuma gridi nzima kwa Send moja unatuma pointa, yaani anwani za memori ya mashine yako ambazo kwa mwenzio hazina maana yoyote. Tengeneza bloku moja, kisha pointa za mistari zielekeze ndani yake:

```
double *bloku = malloc((size_t)(n+2) * M * sizeof(double));
double **T = malloc((n+2) * sizeof(double *));
for (int i = 0; i < n+2; i++) T[i] = bloku + (size_t)i * M;
```

Ukiwa na bloku moja hata kutuma safu wima kunawezekana bila kukopi kwa mkono. C inapanga mstari kwa mstari kwa hiyo namba za safu wima moja ziko mbalimbali kwa hatua ya M:

```
MPI_Datatype wima;
MPI_Type_vector(n, 1, M, MPI_DOUBLE, &wima);
MPI_Type_commit(&wima);
MPI_Send(&T[1][1], 1, wima, kushoto, 3, MPI_COMM_WORLD);
```

Idadi kwenye MPI_Send ni int, mwisho wake ni 2,147,483,647, na inahesabu vitu sio baiti. Ukizidi hapo kata vipande, au kama una maktaba ya MPI-4 ya 2021 kuna MPI_Send_c na wenzake zinazopokea namba kubwa zaidi.

Hatua ya 7: usimzamishe anayepokea

Hili watu hawaliongelei sana na mi naliona ndilo linaloua kazi nyingi kwenye klasta. Una ranki 0 anayekusanya matokeo na vibarua wengi wanaomtumia. Meseji ni ndogo, zinasukumwa bila kuuliza, vibarua wana kasi, ranki 0 anaandika kwenye faili taratibu. Meseji ambazo hajazipokea zinaenda wapi? Zinakaa kwenye memori yake. Vibarua 500, kila mmoja akitangulia meseji 1000 za baiti 4000, tayari ni GB 2 zimekaa kwa mtu mmoja ambaye hata hajaziomba, na kwenye programu yako hutaona malloc yoyote ya hizo GB 2. Kazi inauawa kwa kuisha memori na wewe unabaki unatafuta memori inavujia wapi.

Dawa yake ni kumpa kila kibarua tiketi. Anza na tiketi 4 kwa mfano, kila akituma anatumia moja, zikiisha anasubiri meseji tupu kutoka kwa ranki 0 inayomrudishia. Hivyo ranki 0 hawezi kudaiwa zaidi ya meseji 4 kwa kila mmoja, na bafa za kupokea anaweza kuziandaa mapema kwa Irecv akijua idadi yake kamili. Kama hutaki kuandika hayo yote, hata kubadili kila meseji ya kumi iwe MPI_Ssend kunasaidia sana, maana kibarua analazimika kusimama mpaka mpokeaji amfikie.

Hatua ya 8: MPI_Bsend, kama kweli huna njia nyingine

Hapa unampa MPI bafa yako mwenyewe ya kuhifadhia, na kutuma kunarudi mara moja. Kosa la kila mtu ni kupima data tu na kusahau nafasi ya ziada ya kila meseji:

```
int s, jumla;
MPI_Pack_size(M, MPI_DOUBLE, MPI_COMM_WORLD, &s);
jumla = 2 * (s + MPI_BSEND_OVERHEAD);   /* meseji 2 */
void *ghala = malloc(jumla);
MPI_Buffer_attach(ghala, jumla);
/* ... MPI_Bsend ... */
MPI_Buffer_detach(&ghala, &jumla);
free(ghala);
```

Detach inasubiri mpaka meseji zote zitoke, kwa hiyo usifanye free kabla yake. Mi binafsi siipendi, data inakopiwa mara ya ziada na ghala likijaa unapata kosa, wakati Isend inakupa karibu faida zote hizo.

Kwa wanaotumia Python

Kwenye mpi4py herufi ndogo na kubwa ni vitu viwili tofauti. comm.send inafungasha kitu chochote kwa pickle, ni rahisi ila ni nzito, comm.Send inachukua arei ya NumPy moja kwa moja kutoka kwenye memori. Kwa data ya namba tumia yenye herufi kubwa. Na comm.irecv ya herufi ndogo usipoipa bafa inajitengenezea ya KB 32 tu, ukituma kitu kikubwa zaidi ya hapo inalalamika kuwa meseji imekatwa. Arei ya kutuma pia iwe imepangana, ukikata safu wima kwa a[:, 0] ipitishe kwanza kwenye np.ascontiguousarray.

Ikiganda bado

Tafuta namba za prosesi, kisha ingia kwenye mojawapo bila kuizima:

```
pgrep joto
sudo gdb -p 12345
(gdb) bt
```

Hiyo 12345 weka namba yako. Ile bt itakuonyesha imesimama mstari gani wa programu, na ile -g ya hatua ya 1 ndiyo inayofanya mstari uonekane. Fanya hivyo kwa prosesi mbili jirani. Ukikuta zote ziko ndani ya MPI_Send rudi hatua ya 4. Ukikuta moja iko kwenye MPI_Recv na nyingine imeshapita kabisa, linganisha tegi (ile namba ya meseji inayotangulia MPI_COMM_WORLD), nimeshaona mara nyingi mtu anatuma na 1 mwenzie anasubiri 2. Ukikuta zote ziko kwenye MPI_Waitall, hesabu Isend zako na Irecv zako kwa kalamu na karatasi, kila ranki, uone ni ipi haina mwenzie.